Siku Mbuzi Alipokula Kijiji

Hyasinta, binti wa Mzee Melkiori wa Mtaa wa Narung'ombe, alikuwa na kaugonjwa kake. Akiingia nyumba ya mtu, kabla hata hajakaribishwa kiti, macho yameshapanda darini kutafuta taa iko wapi na inamulika nini. Msimcheke. Mtoto kakulia katikati ya taa. Baba yake, Mchaga wa Kibosho mwenye kofia ya pama asiyoivua ila kanisani na kitandani, alikuwa na duka la taa pale Kariakoo: chemli, karabai, tambi, globu, na vioo vya akiba kwa waliovunja vya mwanzo. Hyasinta alijifunza kutambaa kwa kuzunguka maboksi ya taa. Mama yake, Theopista, aliapa kwamba neno la kwanza la mtoto huyu halikuwa mama wala baba, lilikuwa "washa".

Basi mwaka huo wa sabini na nne, soko jipya likiwa bado linajengwa na vumbi la saruji likiingia mpaka kwenye chai, Hyasinta alikuwa kidato cha tatu katika shule moja ya kutwa, si mbali na Mnazi Mmoja. Enzi zile za elimu ya kujitegemea kila shule ilikuwa na mradi wake, na kila mwanafunzi sharti ashike kazi ya mikono. Shule ya Hyasinta ilifuga kuku. Kuku wakafa. Mwalimu Eliakimu, aliyefundisha Kiswahili na kupenda maigizo kuliko chakula, akamwendea mkuu wa shule na hoja zake: jukwaa nalo ni kazi ya mikono, lina useremala, lina ushonaji, lina umeme, lina rangi. Mkuu wa shule, ambaye bado alikuwa na uchungu wa kuku, akakubali. Banda likafagiwa, likawa karakana ya jukwaa, na ukigonga msumari ukutani manyoya yanakudondokea kichwani.

Humo bandani ndimo Hyasinta alimopata wazimu wake. Alijifunza kuwamba kitambaa kwenye fremu kikawa ukuta, kutengeneza mlango unaofunguka vizuri lakini hauendi popote, kunyesha mvua kwa kumwaga maharage juu ya sinia. Na taa! Unachukua kopo la mafuta ya kupikia, unalikata ubavu, unatia globu ndani, unafunika kwa karatasi ya rangi inayopitisha mwanga, ile ya kufungia zawadi. Siku ya kwanza alipobadilisha mwanga kutoka mweupe kwenda wa buluu, mwenzao Scholastika alikuwa amesimama tu jukwaani anatafuna karanga. Ghafla si Scholastika tena, ni mwanamke wa watu anamngoja mumewe chini ya mbalamwezi, na karanga zake mkononi. Hyasinta ilibidi akae chini. Alisikia raha mpaka akaona haya.

Mzee Melkiori yeye hakuona raha. Alimwuliza binti yake anaigiza nani. Akajibiwa haigizi mtu. Akauliza, sasa anatokea saa ngapi jukwaani? Akajibiwa hatokei. Mzee alitafakari jambo hilo siku nzima, wateja wanaulizia tambi na yeye anatazama barabara. Angekuwa anaimba, sawa. Angekuwa anacheza ngoma, angegombezwa lakini angeeleweka. Lakini mtoto wa kike anarudi nyumbani jua linazama, gundi kwenye nywele, manyoya ya kuku mgongoni, kwa kazi ambayo hakuna anayemwona akiifanya? Huo si upuuzi? Na dukani kaunta inamngoja.

"Nitakuja mwenyewe kwenye hayo mashindano yenu ya maigizo ya shule," alisema. "Nikiona ulichokifanya, endelea. Nisipokiona, mwezi wa kwanza uko kaunta, na hayo maigizo tumeyazika."

Hyasinta hakuogopa, maana alikuwa na pazia. Lile la nyuma ya waigizaji, pana kama ukuta wa ukumbi, lililoshonwa kwa mifuko mitupu ya unga. Alikuwa akilichora muhula mzima: kijiji cha ujamaa chenye shule, zahanati na shamba la pamoja, na nyuma yake Kilimanjaro, Kibo na Mawenzi, kama baba alivyousimulia mlima huo kila Krismasi walipokosa nauli ya kwenda. Alimwambia baba yake kwa kujiamini kabisa: utakachokiona nyuma ya watu, baba, ndicho mimi.

Sasa kuna habari ya uji. Kitambaa cha mifuko ni kilegevu, hakishiki rangi, kwa hiyo kinapakwa kwanza uji wa ngano kikauke kiwe kigumu kama ubao. Mwaka uliotangulia uji ulichachuka. Joto la Dar unalijua. Waheshimiwa wa safu ya mbele waliziba pua mwanzo mpaka mwisho, na igizo lenyewe lilikuwa la kuhamasisha usafi. Hyasinta, ambaye darasani alisoma sayansi kimu, akasema dawa ni chumvi. Samaki akitiwa chumvi anaoza? Haozi. Akamimina chumvi kwenye sufuria ya uji kwa konzi, tena na tena, na Mwalimu Eliakimu akamsifu mbele ya wenzake kwa kutumia akili. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza ni nani mwingine hapa duniani anayependa unga wenye chumvi.

Nyuma ya duka la Mzee Melkiori, uani, alikaa mbuzi. Beberu hasa, mwenye ndevu, aliyeletwa na lori kutoka Kibosho kwa ajili ya Krismasi. Mzee alimlisha kwa mkono wake mwenyewe, kama wanavyofugwa mbuzi wa kwao ndani ya nyumba: maganda ya ndizi kutoka sokoni asubuhi, na donge la magadi jioni alambe. Alimpenda kupita kiasi. Na Ijumaa ile, kesho yake mashindano, banda la shule likivuja, Hyasinta na rafiki yake Uwesu walilibeba pazia na fremu yake kichwani mpaka uani kwao, wakaliegemeza kwenye ua likauke vizuri. Mzee Melkiori, kabla hajalala, alimhurumia mbuzi wake akamwongezea kamba.

Jumamosi asubuhi mzee aliondoka mapema kwenda bandarini kutoa shehena ya taa, akaacha ujumbe kwamba akitoka huko atapitiliza ukumbini. Hyasinta akatoka uani na mswaki mdomoni. Mbuzi alimtazama. Ndevu zake zilikuwa za buluu.

Alikuwa amekula shule. Alikuwa amekula zahanati na shamba la pamoja lote, mpaka na watu waliokuwa wakipalilia. Mlimani alifika karibu na kilele, nadhani alishiba, akabakiza ncha ya Mawenzi inaning'inia kwenye fremu. Uwesu alipofika kutoka Ilala, huyu Uwesu mwenye mdomo kama redio, alisimama akatazama, akavua hata kofia yake.

"Beberu kakila kijiji cha ujamaa," alisema. "Na redioni tunaambiwa tuwe macho."

Hyasinta akacheka. Alicheka mpaka mswaki ukamtoka, akacheka mpaka mbavu zikamuuma, na alipofika mwisho wa kicheko akakuta analia. Maana sasa baba angekuja, angetazama nyuma ya waigizaji, angeona ukuta mtupu. Hapo hapo aliiona ile kaunta, yeye nyuma yake, na wateja wanaulizia tambi mpaka uzeeni. Hakutaka kuuza taa, alitaka kuziwasha. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia kwa kwikwi bila kujificha.

Ila ule ugonjwa wake haukupumzika hata kwenye msiba. Mama Theopista alikuwa ameanika kambani shuka zake mbili nyeupe za harusi, kuzipa hewa kwa ajili ya wageni wa Krismasi. Jua la asubuhi lilikuwa nyuma ya shuka, na mbuzi naye akapita nyuma ya shuka. Kwenye kitambaa akatokea mnyama mkubwa kuliko nyumba, mapembe mpaka mbinguni, anatafuna polepole. Hyasinta akaacha kulia kwikwi ikiwa nusu.

Mengine yalikwenda mbio. Mama aliombwa shuka, akakataa, akamtazama mtoto usoni, akazitoa kambani mwenyewe na kuanza kuziunga kwa sindano. Maboksi ya taa yakabebwa kutoka dukani, yakafunuliwa sakafuni, na kwa kisu cha kukatia samaki Hyasinta akakata mlima: Kibo mviringo, Mawenzi menomeno. Mwalimu Eliakimu alipoelezwa habari ya mbuzi aliomba maji ya kunywa. Halafu akaelezwa habari ya shuka, akaomba mkasi. Wasichana wa darasa wakatumwa makwao, wakarudi na kaniki za mama zao kuzibia madirisha ya ukumbi, kwa sababu mashindano ni saa kumi alasiri na Hyasinta alihitaji usiku.

Kwa kazi yenyewe hapakuwa na muda wa kujaribu hata mara moja. Shuka zinaning'inia, nyuma yake mlima wa maboksi, nyuma ya mlima kopo lenye globu kubwa kuliko zote za dukani, limefungwa kamba iliyopita juu ya boriti. Hyasinta akapanda ngazi, kamba mkononi. Uwesu akabaki chini na karatasi za rangi. Mwalimu Eliakimu alikuwa na wasia mmoja tu: avute polepole kuliko anavyodhani ni polepole, halafu apunguze.

Kupitia upenyo wa pazia la pembeni la ukumbi alimwona baba yake akiingia na vumbi la bandari mabegani, akakaa safu ya tatu, kofia kichwani. Igizo likaanza. Lilikuwa la wanakijiji wanaogombania kisima usiku kucha. Baadaye jirani wa kiti alisimulia kwamba kila alipotokea msichana jukwaani mzee alinyoosha shingo, kisha akanong'ona, "Wangu bado." Alipotokea Scholastika, wangu bado. Walipotokea wacheza ngoma, wangu bado. Akatazama nyuma ya waigizaji alikoahidiwa, akaona shuka nyeupe zisizo na kitu. Hyasinta naye alimwona akitazama, akamwona akiegemea nyuma na kufunga mikono kifuani. Jasho lilimtoka mpaka kamba ikateleza.

Mwisho wa ugomvi ukafika, kisima kimepatikana, watu wamechoka, taa zote zikazimwa. Giza tupu. Mtoto mmoja akaanza kulia ukumbini. Hyasinta akavuta.

Kwanza hapakuwa na kitu. Halafu chini kabisa ya shuka ikatokea rangi nyekundu, nyembamba. Hyasinta akavuta kidogo, akapunguza. Weusi wa mlima ukaanza kujitenga na weusi mwingine, bega la Kibo upande huu, meno ya Mawenzi upande ule, na Uwesu huko chini akabadilisha nyekundu kwa rangi ya machungwa huku anaungua vidole na hasemi neno, jambo ambalo halijapata kutokea maishani mwake. Mwanga ukapanda. Mlima ukasimama wote. Mtoto aliyekuwa analia akanyamaza.

Safu ya tatu mtu mmoja akainuka. Watu wa nyuma wakamwambia mzee kaa, hatuoni. Hakukaa. Akavua kofia yake ya pama, akaishika kifuani kwa mikono miwili, kama wazee wa Kibosho wanavyofanya alfajiri wanapotoka nje na kuuelekea mlima.

"Jamani," alisema Mzee Melkiori, wala hakumwambia mtu yeyote. "Nyumbani kumekucha."

Hyasinta alimsikia kule juu ya ngazi. Aliendelea kuvuta, machozi yanamdondokea Uwesu, na Uwesu anayafuta akidhani ni jasho.

Ushindi? Walikuwa wa pili. Wa kwanza walikuwa shule iliyoleta kuku hai jukwaani, na mkuu wa shule ya Hyasinta aliumia sana kwa hilo. Watu walipotawanyika, Mzee Melkiori akazunguka nyuma ya jukwaa, kofia bado mkononi, akawa anapita kati ya vijana akimwulizia binti yake. Akamkuta bado juu ya ngazi, vumbi usoni, kamba imemchubua kiganja. Mzee akatazama shuka, akazitambua. Akatazama mlima, akaona nyuma yake umeandikwa: shika kwa uangalifu, vioo. Akautambua nao.

"Nimekutafuta jukwaani mwanzo mpaka mwisho," alisema. "Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa navuta jua, baba."

Hyasinta akawahi kueleza habari ya pazia, na uji, na chumvi, na mbuzi. Kufika kwenye ndevu za buluu mzee akaanza kutikisika mabega, akajikaza, ikashindikana, akacheka peke yake katikati ya vumbi mpaka akashika ngazi asianguke, na ngazi ikatikisika na Hyasinta juu yake. Akakiri kwamba kamba aliiongeza yeye. Kisha akajifuta macho, akarudi ukumbini kwenye viti vitupu, akakaa safu ya tatu palepale.

Hyasinta akachungulia pale upenyoni. Habari ya mwezi wa kwanza baba yake hakuitaja, wala kaunta. Aliweka kofia magotini.

"Uwesu, zima taa," aliagiza. "Hyasinta, livute tena."