Kuku Mweusi wa Baba

Nilisomea kilimo chuo kikuu, na mahali pa kwanza kuitumia elimu hiyo palikuwa banda la baba yangu, Ganze. Kuku wake walikuwa weusi tititi tangu enzi za babu, wadogo wa mwili, wenye mayai haba. Nikamnunulia jogoo mkubwa wa mistari kutoka Malindi, nikamshauri achinje majogoo wake wote. Matokeo niliyajua kabla mayai hayajaanguliwa: jogoo halisi wa mistari akipanda majike weusi, vifaranga wote huota manyoya ya mistari. Ndivyo ilivyokuwa. Majike wazee tukawauza mmoja mmoja.

"Mwanangu," baba aliniambia, "umewavisha kuku wangu sare za jela."

Nilicheka. Mayai yalikuwa mengi, sikuona hasara yoyote.

Mwaka wa tatu sukari ikamla baba mguu. Kidonda cha kisigino kilianza kunuka, na daktari wa Kilifi akasema mguu ukatwe upesi, la sivyo tungempoteza. Baba hakukataa. Aliweka sharti moja: kabla ya kisu, afanyiwe tambiko nyumbani, kama walivyofanyiwa wazee wake. Mganga, mama mmoja wa jirani aliyekua na baba, akataka kuku jike mweusi asiye na doa, aliyeanguliwa katika boma lilelile.

"Nitamnunua sokoni," nikasema.

"Wa sokoni katoka kwa watu wengine," mganga akanijibu. " Hapa atamsemea nani? Tuoneshe wa kwenu, msomi."

Hatukuwa naye hata mmoja. Ningekiri mbele ya baba, pengine wangekaa wakatafuta njia nyingine. Tambiko lina wenyewe, na wenyewe huafikiana. Niliona haya. Nikachagua tembe ambaye mistari yake ilikuwa myembamba, nikanunua piko, ile rangi nyeusi wanayopambiwa maharusi, nikampaka kwa mswaki nyuma ya jiko, unyoya kwa unyoya, mpaka akawa mweusi kama kaniki.

Asubuhi ya tambiko tulimtoa baba uani, tukamketisha kitini. Akampakata yule kuku, akampapasa kifua kama alivyozoea, kisha akainua bawa. Kule chini mistari ilikuwa palepale. Akanusa vidole vyake.

"Huyu mnamwoza kwa nani?"

Mganga akaangua kicheko, akakikata alipouona uso wa baba.

"Baba, nilitaka uende hospitali," nikasema.

"Ulitaka kunidanganya mimi, au wazee wangu?"

Akamweka kuku chini taratibu. "Nirudisheni ndani."

Nilimsihi siku tisa. Nikimwamkia shikamoo aliitikia vizuri, kama anavyoitikiwa mgeni; aliomba maji, akaulizia mvua. Habari ya mguu hakuitaja tena, na mimi nikiitaja alifumba macho. Tulimpeleka Kilifi alipokuwa hajitambui, hawezi tena kukataa. Sumu ya kidonda ilikuwa imekwisha kuenea mwilini. Hakuimaliza siku ya pili.

Daktari yuleyule ndiye aliyeniita kunipa habari. Akaniuliza, bila ukali, tulicheleweshwa na nini.

"Njia ni mbovu," nikamwambia, "na gari ni za shida."

Akaitikia kwa kichwa. Watu wa Ganze humjibu hivyo kila siku.