Siku Baba Alipobaki Ameketi

Baba yangu alipigwa risasi gotini akiwa jeshini, na mpaka leo akiingia ofisi yoyote ya serikali anasimama wima kama anayekaguliwa. Huku Kaloleni tunamcheka sana kwa hilo. Lakini mwaka jana tabia hiyo nusura itulaze njaa.

Ofisi ya pensheni ilimwita, nikamsindikiza. Karani, kijana wa rika langu, akamweleza kuwa kwa miaka kadhaa wamemlipa kama sajini, ilhali alistaafu akiwa koplo. Kosa ni la kompyuta yao, lakini pesa lazima zirudi. Akamuuliza kama anakubali deni, wakate pensheni yote mpaka liishe. Kabla sijafungua mdomo, baba akanyoosha mgongo, fimbo ubavuni.

"Ndiyo, afande."

Afande! Kijana anatafuna chingamu.

Nje nikamuuliza mbona amekubali. Akasema jeshini mkubwa akiuliza unakubali kwanza, maswali baadaye. Nikamwambia baadaye yenyewe ndiyo hii: kodi ya nyumba, unga, dawa za goti.

Mimi ni mtu wa kucheka. Kila siku naota duka langu la keki, hata rangi ya mlango naijua. Wiki hiyo sikuota chochote. Mtu amwage damu yake, halafu adaiwe kama mwizi kwa kosa la kompyuta ambayo hajawahi hata kuigusa?

Basi tukafanya mazoezi. Mimi nikawa karani, nyuma ya meza ya chakula, na chingamu yangu mdomoni. Nikiuliza tu, mzee huyo, ameshasimama. Namrudisha kitini.

"Baba, huyo si afande. Huyo ni mtoto wa watu."

Akacheka mpaka machozi. Nikauliza tena, akasimama tena.

Tuliporudi kulalamika, baba alikuwa bado hajatia saini, kwa hiyo karani alirudia swali lilelile. Nikaona mkono wa baba unatafuta fimbo. Nikaufunika kwa wangu. Akabaki ameketi.

"Hapana, kijana wangu. Kosa ni lenu. Na mimi nilishalipa kwa goti hili."

Karani akaacha kutafuna. Akasema basi hawatakata kitu mpaka malalamiko yasikilizwe. Bado hayajasikilizwa, na hasira yangu iko palepale.

Mlangoni baba akageuka apige saluti. Nikamvuta koti.