Mota Nne za Ghislaine

Ghislaine Hanoteau alisuka mota za treni kwa miaka thelathini na mmoja, katika kiwanda kimoja cha mji wa Charleroi. Aliingia akiwa na miaka kumi na saba, wakati vichwa vya treni vya umeme, vile vya kijani, vikiundwa kwa wingi. Wanawake waliketi safu mbili wakizungusha waya wa shaba. Kazi yao ilipelekwa jengo la pili, ikafunikwa chuma, na siku ya kupiga picha waliitwa wanaume wa jengo hilo tu.

Alipostaafu, akaanza kuunda mfano mdogo wa kichwa kile juu ya meza ya jikoni. Mumewe Firmin, mwoka mikate, akazoea kula amesimama. Baada ya miaka minne kikakamilika: urefu wa dhiraa moja, kijani kizito, na chini yake mota nne, moja kwa kila ekseli, yaani kila mhimili wa magurudumu, kama kwenye kichwa halisi. Zote alizisuka kwa mkono.

Novemba ya mwaka 1989 akakipeleka kwenye maonyesho ya chama cha waundaji wa treni ndogo za mfano. Mwenyekiti, Achille Wauthelet, akampokea mlangoni.

"Mzigo wa mzee weka pale, mama. Mwenyewe anakuja saa ngapi?"

"Mzee yuko dukani anauza mikate. Mwenyewe ndiye mimi."

Katikati ya ukumbi reli ilipanda mlima wa mbao. Siku hiyo hakuna kichwa kilichopanda na mabehewa zaidi ya kumi na nane. Ghislaine akaomba afungiwe ishirini na manne.

"Utaunguza mota," Achille akamwonya. "Watengenezaji wenyewe wanakataza."

"Za hiki, mtengenezaji unaongea naye."

Treni ikaondoka polepole. Penye kona ya juu ikapunguza mwendo, na wanaume wawili wakatazamana. Ghislaine hakuangalia magurudumu. Aliinamisha kichwa akisikiliza mvumo. Mota zote zilikuwa zinavuta sawasawa. Behewa la mwisho likapita kileleni.

Kwenye meza ya kahawa, Yolande, aliyekaa naye safu moja kiwandani, akaweka chini kisu cha keki.

"Ni sisi hao tunaovuta," akasema, macho yamemjaa machozi.

"Ongeza sita," Ghislaine akamwambia Achille.

Akaongeza. Yakapanda yote thelathini. Achille akavua miwani, akaomba kwa adabu kichwa kipinduliwe, na wanachama wakainama kutazama zile koili za waya wa shaba.

"Nani alikufundisha, mama?"

"Muulize Yolande nani, kama si yeye, alinipiga vidole kwa rula nilipokosea."

Jioni alirudi kwa tramu iliyojaa, sanduku lenye kichwa chake cha treni likiwa kwenye kiti cha pembeni yake. Kijana mmoja akauliza kama kiti kile kina mtu.

"Kina treni," Ghislaine akamjibu, na hakulisogeza.