Shangazi na Mabano

Shangazi, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, hakuwahi kumshinda mpwa wake katika mchezo wao wa Jumapili: kuandika programu fupi kuliko ya mwenzako. Leo swali lilikuwa la orodha zilizofungwa kwa mabano, moja ndani ya nyingine, na programu iseme zimezama ngazi ngapi.

"Shangazi, leo tena utaumbuka," mpwa alisema. Programu yake ilifungua kila orodha, ikaingia, ikatafuta nyingine.

"Mdharau mwiba, mwanangu."

Shangazi aliiamuru kompyuta ifute namba na mikato yote, yabaki mabano matupu. Kisha akaiamuru ifute kila jozi isiyo na kitu ndani, irudie mpaka mabano yaishe, na ihesabu mizunguko. Kila mzunguko ulikuwa ngazi moja.

Mpwa aliijaribu njia hiyo kwa orodha ngumu kuliko zote, akisaka kosa. Hakulipata, na programu ya shangazi ilikuwa fupi kuliko yake kwa herufi moja.

"Umeniweza. Umeyatoa wapi haya?"

"Hesabu za mabano huanzia ndani. Nilikufundisha darasani, wewe ukawa unachungulia dirishani."

Mpwa akacheka, akataka swali lingine palepale.

"Subiri," shangazi alisema, akivuta kiti. "Niache kwanza nifurahi."