Nilikwenda Kumshitaki Kocha kwa Mama Yake

Ni mwaka huu huu mayai yalipoadimika madukani. Keki ya harusi pale kanisani kwetu Buffalo, hapa Marekani, ikaokwa bila yai hata moja, ikabomoka mbele ya maharusi, tukaila kwa vijiko kama uji. Wenzangu watautaja mwaka huu kwa ile keki. Mimi nitautaja kwa mdomo wangu. Jamani, nimekosa, na simsingizii mtu!

Nina mjukuu, nimwite Neema, jina lake la kweli siliandiki. Ana miaka kumi na minne na ni kipa wa timu ya wasichana ya hoki, ile ya kwenye barafu. Mimi kule kambi ya wakimbizi Kigoma barafu niliijua ya kwenye soda tu, tena Krismasi. Leo mtoto wa damu yangu anasimama juu yake na viatu vyenye visu, amejifunga magodoro miguuni, na wasichana wa watu wanampigia kisahani cheusi, kigumu kama jiwe. Hakimbii! Nani mwingine hapa mtaani Bailey ana mjukuu kama huyo? Nionyesheni!

Shida ni kwamba timu ilikuwa inafungwa. Tulifungwa nyumbani, tukafungwa ugenini, tukafungwa na timu iliyokuja pungufu kwa sababu gari lao moja liliharibika njiani.

Kocha wao, nimwite Deni, ni mzungu mrefu mwenye ndevu nyekundu. Kazi yake niliyoiona mimi ilikuwa kupiga makofi. Tukifungwa la kwanza, anapiga makofi. Tukifungwa la pili, anapiga kwa nguvu zaidi. Nikamwuliza Neema, "Huyu ni wa kwetu au wa kwao?"

Mwenyekiti wa klabu ndiyo usiseme! Anakuja na chupa yake ya kahawa, anatuambia tusiwe na wasiwasi, timu inajengwa. Miaka mitatu anajenga! Sisi kambini tulisimamisha nyumba ya udongo kwa wiki mbili, na mvua inanyesha.

Basi mimi na rafiki yangu wa kanisani, Mama Ezekieli, tulikuwa tunakaa safu ya juu kabisa, blanketi moja magotini, tunamfundisha kocha kwa Kirundi. "Mtoe huyo! Mwingize yule mnene! Wewe Deni, una macho au vifungo?" Hakusikia neno hata moja, na sisi tuliridhika. Laiti ningeishia hapo!

Kilichoniharibu ni safari ya Columbus. Kulikuwa na mashindano kule, na mimi nilikuwa nimeshamsifu Neema kwa ukoo mzima. Mdogo wangu anakaa Louisville, kule Highview, ambako na mimi nilikaa miaka yangu ya kwanza. Shemeji yangu anakaa hapo hapo Columbus. Nikawatumia ujumbe wa sauti: "Njooni muone damu yenu!" Wakaja watu kumi na mmoja. Mdogo wangu alitoka shifti ya usiku kwenye ghala, hakulala, akaingia garini na sufuria la maharage mapajani.

Tukafungwa tisa bila!

Mdogo wangu akaniinamia. "Dada, Neema ndiye yule anayeokota kile kitu wavuni?"

"Ndiye."

"Ahaa. Anaokota vizuri."

Na shemeji naye, mtu asiyejua kunyamaza: "Shemeji, wavu wa nini sasa? Mngemwekea kapu, asiwe anainama."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Nikageuka kumtazama kocha. Anapiga makofi! Halafu akawagawia wasichana donati. Donati za nini? Wameshinda nini? Nilirudi Buffalo na aibu yangu, saa tano na nusu za barabara.

Sasa nisikilizeni vizuri, kosa langu linaanzia hapa. Kwetu mtu mzima akishindwa kazi haambiwi usoni, ni kumvunjia heshima. Mnakwenda kwa aliyemzaa. Mnakwenda na kitu mkononi, mnakaa, mnasalimia mpaka salamu ziishe, halafu mnaeleza. Mzazi ndiye anamwita mtoto wake chumbani. Hivyo ndivyo tulivyomrekebisha kiongozi wa kwaya kambini, na kwaya ikaimba!

Mama yake Deni anakaa Lackawanna, mji wa jirani. Neema alipajua, timu ilishawahi kualikwa pale kula tambi. Jumamosi moja mchana nikamwambia Neema, "Jiandae, tunakwenda kumsalimia mama wa kocha wako." Sikumwambia zaidi. Nikavaa kitenge changu cha harusi, Mama Ezekieli akavaa chake, tukanunua kreti la Fanta.

Bibi wa watu alifurahi jamani! Ana mkongojo, ana nywele nyeupe kama pamba. Akatukalisha, akatuletea chai na biskuti, akamshika Neema mashavu. Alidhani tumekuja kushukuru.

Nikasafisha koo. "Neema, mwambie: mama, mwanao ulimzaa vizuri. Ulimlisha vizuri, urefu tunauona. Lakini timu imemshinda."

Neema akashika kikombe chake kwa mikono miwili.

"Sema."

"Bibi, tafadhali."

"Mtoto, usinitie aibu mbele za watu. Sema!"

Akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtu anayeungama wizi. Yule mama akaweka kikombe chini. Akamtazama Neema, hakunitazama mimi. Kisha akasema neno refu, na Neema akalitafsiri akiangalia viatu vyake: "Anasema amesikia. Anasema atakuja."

Akaja kweli! Mechi iliyofuata alikaa nyuma ya benchi la timu na mkongojo wake. Kila Deni akiinua mikono kupiga makofi, mkongojo unagonga sakafu. Kila akigeuka, anaoneshwa kidole. Mwanaume wa miaka arobaini anaambiwa na mama yake afunge zipu ya koti mbele ya wasichana kumi na watano! Makofi yakaisha. Nikamgusa Mama Ezekieli kiwiko: "Unaona? Dawa imeingia."

Tukafungwa saba.

Wiki iliyofuata wazazi wote wakapata ujumbe. Kocha Deni anaondoka. Alisema, ikiwa watu wamefika mpaka kwa mama yake, basi ameshachosha, wengine wajaribu. Na yule kocha hakuwa akilipwa hata senti, mimi sikujua! Alikuwa akitoka kiwandani anakuja moja kwa moja.

Unadhani nani alichukua nafasi? Mwenyekiti! Akaingia kwenye barafu na viatu vya kawaida, kahawa mkononi. Hatua ya tatu akaanguka chali. Chupa ikaserereka peke yake mpaka golini kwa wapinzani. Ndilo goli pekee tulilopata mwezi ule.

Nilicheka, sitawadanganya. Lakini Neema hakucheka. Siku tatu hakuniambia hata habari za asubuhi. Na mwenyekiti akatangaza kwamba kocha asipopatikana mwezi huu, timu inavunjwa.

Siku ya nne nikamfuata jikoni. "Mjukuu wangu, timu ziko nyingi. Kipa kama wewe watakugombania."

Akaacha kula. "Bibi, unajua nilipokwenda mara ya kwanza sikuweza hata kusimama? Nilishika ukuta saa nzima. Timu mbili zilikuwa zimeshanikataa. Kocha Deni alisema kwake harudishwi mtu. Ndiyo maana tunafungwa. Wote pale tulikataliwa sehemu nyingine."

"Na yale makofi?"

"Ni yangu. Nikifungwa nalala chini. Anapiga mpaka niinuke."

Yesu wangu! Nilikaa kwenye kiti cha jikoni nikaona makofi yote yale, moja moja. Pale Columbus, mara tisa. Mimi juu nachekwa na shemeji, na chini mtu anamwinua mtoto wangu mara tisa!

Bibi wenzangu, mnaokaa safu za juu na blanketi, sikieni. Lalamikeni, hamtaacha na mimi sitaacha, mwenyekiti bado namdai msingi wa hiyo timu anayoijenga. Lakini kabla hujabeba kreti la Fanta kwenda kwa mama wa mtu, muulize kwanza mtoto anayecheza. Mimi nilijua kila kitu kuhusu hoki isipokuwa hicho. Na usimfanye mtoto kuwa mdomo wako! Maneno yangu yalimtoka yeye, na yule mama mpaka leo anadhani labda na Neema alikuwa anayasema kutoka moyoni.

Kesho nakwenda kwa Deni kumwomba radhi, arudi. Mama Ezekieli ghafla anaumwa mgongo. Kiingereza changu kinatosha kununua vitunguu na kumsalimia dereva wa basi, hakifiki kwenye msamaha. Kwa hiyo leo asubuhi nimemwomba Neema twende wote anisemee.

Mtoto huyu hata nikimwuliza kama ameshiba ananijibu nusu Kiingereza. Leo amenijibu Kiswahili kilichonyooka: "Bibi, hayo ni yako. Nenda ukayaseme mwenyewe."

Nikamwambia nitachanganya maneno, nitamtukana mtu nikidhani namwomba. Nikamwambia nina magoti mabovu, na ngazi zao ni nyingi. Nikamwambia nilimbeba mgongoni tangu ana wiki mbili. Nikalia kidogo, machozi ya kweli na mengine ya kusaidia. Alikuwa anapanga magodoro yake ya miguuni kwenye begi. Akafunga zipu taratibu, akanitazama machoni.

"Bibi, hayo ni yako. Nenda ukayaseme mwenyewe."