Lovitta na Chupa ya Mafuta ya Papa

Lovitta Fox alifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika kituo cha hali ya hewa cha Bermuda, kando ya uwanja wa ndege, na kwa miaka yote hiyo hakuna jirani hata mmoja pale St. David's aliyewahi kumuuliza kama kesho kutachafuka. Walipotaka kujua, walipita mlangoni kwake, wakateremka nyumba tatu, wakaenda kuangalia chupa.

Chupa ilikuwa ya Hilgrove, mdogo wake. Ilijaa mafuta ya ini la papa na ilining'inia kwa kamba ukutani, nje ya jiko. Mafuta yakiwa maangavu, watu wanaendelea na shughuli zao. Yakitibuka yakawa meupe, dhoruba inakuja. Elimu yote ndiyo hiyo. Ilipokosea walisema jua liliipiga vibaya, na mwaka uliofuata walirudi tena, watu wazima wanaojua kusoma na kuandika. Lovitta alikuwa akirusha puto angani mara mbili kwa siku, akipima mgandamizo wa hewa na upepo wa huko juu, akipokea vipimo vya ndege zinazoingia tumboni mwa kimbunga. Hata baada ya kustaafu, chupa ile ilimtia kichefuchefu.

Tarehe mosi Juni, siku ya kufungua msimu wa vimbunga, redio ilitaja idadi inayotazamiwa mwaka huo, na watangazaji wakacheka kama wanaochezesha bahati nasibu. Haikupita wiki, dhoruba ikajikusanya kusini-magharibi. Jumapili asubuhi ramani ya televisheni ilionyesha njia yake: pembe inayopanuka, na katikati yake mstari. Mstari ulipita maili themanini magharibi ya kisiwa.

"Si umeona? Inapita mbali," alisema Bibi Oriole Minors, jirani yake wa miaka themanini na miwili, kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Bibi, mstari ni makisio tu. Dhoruba inaweza kupita popote ndani ya ile pembe. Na sisi tutakuwa mashariki yake, ndiko upepo unakouma zaidi. Ziba bomba la paa leo."

"Nizibe bomba mwezi wa sita? Mvua yenyewe tumeililia tangu Machi. Hilgrove kasemaje?"

Lovitta aliuma meno. Maji ya kunywa ya kila nyumba pale hutoka paani na kuingia tangini chini ya sakafu. Upepo wa kimbunga huimwaga bahari juu ya mapaa, na bomba lisipozibwa, tangi zima hugeuka chumvi. Bibi Oriole alikuwa na figo mbovu, na daktari alimkataza chumvi. Tena mwanawe alikuwa akitafuta kisingizio cha kumpeleka makao ya wazee. Tangi likiharibika, kisingizio kimepatikana, na bibi atafia kwenye kitanda cha watu.

Akateremka kwa Hilgrove, akamkuta mezani na chewa wa chumvi na viazi vyake vya Jumapili.

"Waambie chupa imetibuka."

"Haijatibuka."

"Najua haijatibuka, Hilgrove. Ni mafuta. Waambie tu."

"Siwezi kudanganya watu, dada. Wananiamini." Akajipakulia kiazi kingine. "Nyie wa maputo mmezoea labda. Leo asilimia sitini, kesho arobaini. Chupa haina labda."

Mtu aliyekimbia shule kwa sababu ya hesabu za sehemu, leo anamfundisha yeye asilimia. Lovitta alitamani kumvisha ile sahani kichwani. Badala yake alitoka kwa mlango wa jikoni, akaishika chupa kwa mikono miwili, akaitikisa kama dawa ya kikohozi mpaka mafuta yakawa meupe pe. Katika miaka thelathini na mmoja hakuwahi kughushi hata kipimo kimoja. Aliona aibu, na mikono ilimnuka papa.

Hilgrove alipotoka kunawa, aliiona chupa akavua kofia. Kisha alishika njia, nyumba hadi nyumba, na kufikia alasiri kila bomba lilikuwa limezibwa kwa matambara na mipira ya tenisi. Bibi Oriole alikuwa wa kwanza.

Dhoruba ilifika Jumatatu, ikapiga kutwa. Ilipokwisha, ungelamba ukuta wowote ungeonja bahari. Matangi yote yalibaki matamu.

Jumapili iliyofuata mchungaji alimwita Hilgrove mbele, na kanisa zima likasimama. Bibi Oriole alimfinya Lovitta mkono.

"Usijisikie vibaya, mwanangu. Na nyie kule kituoni mlikuwa mnajitahidi."

Baada ya ibada kanisa zima liliteremka kwa Hilgrove, na wanaume wamebeba zawadi: kisanduku cha mwerezi chenye mlango wa kioo. Wakakipigilia ukutani. Hilgrove akaitia chupa ndani, akafunga kufuli, na ufunguo akauvaa shingoni.

"Isije ikaguswa na mtu," akasema.

Msimu ulikuwa umebakiza miezi mitano na nusu. Lovitta alilitazama lile kufuli, kisha akamtazama Bibi Oriole, ambaye alikuwa anapiga makofi kuliko wote.