Pipa la Maji la Baba Oliva

Wanajumuiya wameniomba niandike maisha ya mume wangu, yasomwe kwenye misa ya arobaini. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi. Mkono unaandika "marehemu Vitalis", moyo unakataa.

Alizaliwa Mnyambe kwa wakulima wa korosho. Hapa Newala mlimjua kama Baba Oliva, mwenye Probox ya abiria wa Masasi. Miaka yote ile aliteremka na kupanda mlima bila kugonga hata kuku. Kumbe kifo hakikuwa mlimani. Kilikuwa kwenye tambara.

Hakuna dereva asiyemwagikiwa na oili kwenye injini. Yeye ilipomtokea alisubiri injini ipoe mpaka aweze kuiwekea kiganja. Ndipo alifungua waya wa hasi wa betri, akafunika altaneta inayochaji betri kwa mfuko wa plastiki, akanyonya oili kwa matambara makavu. Halafu alisugua taratibu kwa brashi na maji ya sabuni ya unga, akafuta kwa kitambaa chenye maji safi, akaacha boneti wazi mpaka pakauke.

Wenzake walitumia petroli. Petroli inakata oili upesi, na huku kwetu juu uwandani, kiangazi kikishika, maji ni ya kununua. Vitalis aliweka pipa lake la bluu la maji ya gari nyuma ya nyumba, hata mimi sikuruhusiwa kuoshea vyombo.

"Baba Oliva, hiyo gari mbona unaiogesha kama mwali?" dereva mwenzake, Gervas, alimtania.

"Bora mwali. Ya kwako ni kibatari, bado kiberiti tu."

Walicheka wote. Nami nilicheka.

Asubuhi ile jirani yetu Khalfan alikuja bila viatu. Mama yake, Bibi Adija, alikuwa amefariki alfajiri. Bomba la mtaa lilikuwa kavu, na maiti ilihitaji kuoshwa.

"Chukua pipa lote," Vitalis akamwambia.

"Baba Oliva, na gari?" nikauliza.

"Gari halizikwi leo, Mama Oliva."

Khalfan akamwomba jambo moja zaidi: amfuate dada yake, Faudhia, kule Mkomaindo mjini Masasi. Mazishi yalikuwa alasiri. Vitalis alikuwa akiongeza oili simu ilipolia. Faudhia alikuwa akilia: "Kaka Vitalis, wasimzike mama bila mimi!" Alimtuliza, akakata simu, akafunga boneti, akaondoka. Kifuniko cha oili kilibaki juu ya betri.

Yaliyofuata alinisimulia Gervas. Karibu na kituo cha magari moshi ulianza kutoka. Vitalis akasimama, akafungua boneti: injini nzima ilikuwa imetapakaa oili, mpaka juu ya ekzosi. Kwa hali ile asingeweza kuteremka mlima.

"Leo mwali ataoga na nini?" Gervas akamtania.

Hakucheka. "Nipe hiyo chupa yako ya petroli. Faudhia ananisubiri."

Hakusubiri injini ipoe. Hakufungua waya wa betri. Yeye! Alifuta haraka haraka, petroli ikimchuruzikia mikononi, akarudisha kifuniko, akaingia, akawasha. Injini ilishika moto palepale. Akaruka nje kuinua boneti, na moto ukamrukia kwenye mikono ya shati iliyolowa. Watu walimwagia mchanga. Mchanga, maana hata pale maji hayakuwepo.

Hospitali ya hapa Newala walimfunga vidonda, wakaagiza apelekwe Masasi. Gervas ndiye aliyetuteremsha. Faudhia alikuwa ameambiwa kwa simu, tukamkuta kwenye geti la hospitali na kanga yake ya msiba. Mtu aliyekuwa akimsubiri aje kumchukua, alimwona akishushwa kwa machela.

"Dada, samahani, nimechelewa," Vitalis akamwambia.

Gervas akageuza gari palepale, akampandisha Faudhia. Jioni Faudhia alinipigia simu. Vitalis alifumbua macho.

"Amewahi?"

"Amewahi. Amemzika mama yake."

Aliitikia kwa kichwa, kidogo tu. Tulisali rozari pamoja, mimi kwa sauti, yeye kwa midomo. Jumapili hakuiona.

Madereva mtakaokuwepo kanisani, injini ikiwa ya moto, iacheni. Msiba utawasubiri. Petroli haitasubiri.

Mungu nimemwomba mengi, ila sijaweza kumwuliza kwa nini. Siku tuliyomrudisha mume wangu nyumbani, nilisikia mkokoteni ukiingia uani. Khalfan na vijana wa msikitini walikuwa wakishusha pipa la bluu kwenye mkokoteni. Lilikuwa limejaa mpaka juu.

"Mama Oliva," Khalfan alisema, bila kuniangalia, "maji ya kumwoshea haya."

Nikatumbukiza mkono. Yalikuwa ya baridi.